Mwana wa Njiani

Tangu lami ifike Kitahana tumezoea magari yanayopita bila hata kupunguza mwendo. Ndiyo maana lile gari jeupe kutoka Kasulu lilipokata kona na kuingia njia ya kwa bibi Maximilla, watu waliacha majembe shambani wakaja kutazama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni tangu asubuhi, nimevaa koti langu la harusi na tai, kwa kuwa mimi ndiye niliyeteuliwa kuwa mkalimani. Kiha nilizaliwa nacho. Kiswahili cha kuandika nilikisoma usiku, kwa taa ya chemli, baada ya kazi, nikiwa tayari baba wa watoto wanne. Siku hiyo nilijua kwa nini nilikisoma.

"Mzee Ntabaye, tulia," rafiki yangu Tharsisi aliniambia. "Mwenye kesi ni mimi, lakini anayetetemeka ni wewe."

"Sitetemeki. Ni baridi."

"Baridi gani, na jua limeshapanda hivi?"

Alikuwa ananitania, lakini mikono yake mwenyewe alikuwa ameificha mfukoni.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake Tharsisi alikuwa Mskoti, mpima barabara, jina lake Makrei. Ndiye aliyepima njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo zamani za mkoloni, kwa darubini ya miguu mitatu na mnyororo. Alipofika Kitahana alimwona Leokadia, dada mkubwa wa bibi Maximilla, na kazi ya kupima ikaanza kwenda polepole. Tharsisi akazaliwa. Kabla mtoto hajajua kutembea, Makrei alikufa kwa homa, akazikwa Kigoma. Watu wakasema yule mzungu hakuoa, alipita tu. Mtoto wakambandika jina la Mwana wa Njiani, na jina hilo limemfuata mpaka mvi.

Kwetu ukoo ni wa baba, na asiye na ukoo hana pa kusemea. Tharsisi ni seremala. Nusu ya milango ya Kitahana ameitengeneza yeye. Lakini alipooza binti zake watatu, kila mara wageni walipouliza, "Tunaoa katika ukoo gani?" ilibidi mjomba wake ajibu, naye mwenye binti akae nyuma kama jirani aliyekuja kunywa. Sasa alikuwa amebaki binti wa mwisho, Louise, na upande wa mchumba wake ulikuwa umeshaleta salamu.

Ndipo habari ikaja kutoka Uskoti. Kumbe ukoo wa Makrei una cheo cha kurithi, kinachoshuka kwa mtoto wa kiume wa kwanza tangu enzi za wafalme wao wa kale, na mwenye nacho huitwa Sir. Makrei ndiye aliyekuwa kaka mkubwa. Alipokufa, cheo kilikwenda kwa mdogo wake, kisha kwa mtoto wa huyo mdogo wake, ambaye naye alikuwa amekufa bila mtoto. Katika kutafuta mrithi, mtu akakumbuka fununu kwamba kaka mkubwa aliacha mtoto Afrika. Wakauliza parokiani, wakampata Tharsisi. Lakini alikuwapo pia binamu wa mbali aliyekitaka cheo, na hoja yake ilikuwa moja tu: hapakuwa na ndoa. Na cheo hicho mtoto wa nje ya ndoa hakirithi.

Kwa hiyo akatumwa wakili Zuhra, mtu wa Tanga, mwanamke mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Aliketi kwa bibi Maximilla, akaweka kinasa sauti mezani.

"Wanachouliza ni hiki," alisema. "Kwa desturi ya hapa, Makrei alikuwa mume wa Leokadia, au hakuwa? Kama ilikuwa ndoa hapa, na kule wataihesabu ndoa."

"Na baba akishinda anapata nini?" aliuliza Nyandwi, mkwe wa Tharsisi, dereva wa Kasulu aliyemleta wakili. "Wale watu wana makasri. Nimeyaona kwenye simu."

"Kasri liliuzwa zamani. Ardhi pia. Limebaki jina."

"Jina tupu?"

"Tupu."

Nyandwi alitutazama kama mtu aliyeuziwa gari lisilo na injini. Tharsisi akasema taratibu, "Mkwe wangu, jina ndilo nililolikosa. Hayo mengine nimeshazoea kuwa sina."

Zuhra akatoa masharti. Kwa kuwa Leokadia alishafariki, bibi Maximilla ndiye atakayesema, kwa Kiha, nami nitafasiri neno kwa neno. Nisiongeze, nisipunguze, nisieleze. Nikieleza, upande wa pili utasema ushahidi ni wa mkalimani, na utatupwa wote. Nikaapa, mkono juu, sauti imenyooka. Watu waliojaa dirishani wakasogea karibu.

"Bibi, Makrei alitoa mahari?"

"Alitoa majembe. Na ng'ombe mmoja mwenye pembe moja."

"Majembe yako wapi sasa?"

"Yalilima yakaisha. Alitaka tuyatundike ukutani?"

Nilifasiri hata hilo la ukutani. Dirishani wakacheka, na Zuhra mwenyewe akatabasamu.

"Nani mwingine aliyeshuhudia?"

"Wote wamelala kule kilimani. Aende akawaamshe."

Zuhra akafikiri kidogo. "Basi aniambie Makrei aliishi vipi na mama mzazi wa Leokadia. Alikuwa akienda kwake? Akila kwake?"

Bibi Maximilla alishtuka, kama aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya watu. "Kula kwake? Hata siku moja."

"Alikuwa akimsalimia?"

"Amsalimie vipi? Hakumsalimia."

"Na wakikutana njiani?"

"Alikuwa akimkimbia. Akimwona kwa mbali tu, anaingia mtaroni."

Nikafasiri. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa linamzamisha rafiki yangu, kwa sababu niliuona uso wa wakili ukibadilika. Alizima kinasa sauti.

"Mzee Tharsisi, nisamehe," alisema. "Kwetu pwani mwanamume akioa, wa kwanza kumshika mkono ni mama mkwe. Asiyemsalimia mama huyo hakuoa, amechezea mtoto wa watu. Yule binamu akisikia haya hatahitaji hoja nyingine."

Nilifungua mdomo.

"Mzee Ntabaye," akaninyooshea kidole, "uliapa."

Nikaufunga. Tharsisi alikuwa amesimama. "Lakini mwanangu, hiyo ndiyo adabu ya kwetu. Mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Ndiyo heshima yenyewe."

"Wewe ndiye mdai, mzee wangu. Watasema ungesema hivyo hata kama si kweli." Akageuka. "Nyandwi, wewe umeoa katika nyumba hii. Huwa unamkimbia mama mkwe wako?"

Sisi wote tukamtazama Nyandwi. Sijawahi kumwombea dereva kama nilivyomwombea yule. Naye alikuwa amekaa na kikombe mkononi, mguu juu ya mguu, miwani ya jua kichwani, mbele ya mwanamke msomi kutoka pwani.

"Mimi?" akacheka. "Hapana, dada. Hayo mambo ya zamani sana. Mimi mtu wa mjini."

Tharsisi alikaa chini. Bibi Maximilla akanivuta mkono wa koti. "Amesema nini huyo mpumbavu?" Sikujua kama hilo nalo natakiwa kulifasiri.

Zuhra alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake wakati sauti ya mwanamke iliposikika uani, karibu kabisa na mlango: "Hodi humu. Nimewaletea viazi na chai."

Alikuwa Deborah, mke wa Tharsisi. Sote tulijua amekwenda Busunzu mnadani na hatarudi mpaka jioni. Ndiyo sababu Nyandwi alikuwa amekaa ndani kwa raha zake. Kumbe Deborah alipata lifti, akarudi mapema.

Sikumwona Nyandwi akisimama. Niliona kiti kikianguka, kikombe kikipaa, na miguu miwili ikitokomea dirishani juu ya vichwa vya watazamaji. Kisha tukasikia migomba ikivunjika. Deborah, aliyekuwa ameshaweka mguu ndani, aliona kiatu cha mwisho tu. Akajifunika khanga usoni, akageukia ukuta na sinia lake, akasimama hivyo hivyo kama aliyepakwa rangi pamoja na ukuta.

Zuhra aliinuka, akachungulia dirishani.

"Nyandwi," Zuhra aliita.

"Naam," migomba ikajibu.

"Unafanya nini huko?"

"Naangalia gari."

"Gari liko upande wa pili."

Migomba ilifikiri. "Dada wakili," ikasema kwa sauti ya chini, "mama akishatoka, naomba uniambie."

Dirishani walicheka mpaka mtu akadondoka. Lakini Zuhra hakucheka. Alimtazama Deborah aliyegeukia ukuta, akatazama dirisha, akarudi kwenye kiti chake na kuwasha kinasa sauti. Kidole chake kilikuwa na haraka.

"Shahidi anaulizwa tena," alisema. "Bibi, huyu kijana amemdharau mama mkwe wake?"

"Amdharau? Amemheshimu mpaka amevunja kiti changu."

"Na mwanamume asiyeoa katika nyumba hii, akikutana na Deborah njiani?"

"Atamsalimia, atapita. Aingie mtaroni kwa lipi?"

Zuhra alisogea mbele. Hata mimi nilijikuta nimesogea. "Sasa, bibi, fikiri vizuri. Makrei alimkimbia mama yako tangu siku ya kwanza?"

Bibi Maximilla hakuhitaji kufikiri. "Siku ya kwanza? Kabla ya majembe walisalimiana kila asubuhi. Mwakeye, mwakeye, kwa Kiha chake kibovu, na mama akimcheka. Baada ya majembe, basi. Akimwona anakuja na mtungi, aliacha darubini yake imesimama katikati ya barabara akajitupa mtaroni na kaptura yake nyeupe. Siku moja ilikuwa imenyesha. Alitoka na tope mpaka masikioni. Vibarua wakasema, huyu sasa ni mkwe, hakuna ubishi."

Nilifasiri nikiwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Sauti ilinipanda hadi watu wa barabarani wakasikia, na nilipofika kwenye tope la masikioni ilinibidi nirudie sentensi, kwa sababu Tharsisi alikuwa amefunika uso kwa mikono na mabega yake yakitikisika. Baadaye aliniambia hajui kama alikuwa analia au anacheka. Maisha yake yote hakuwahi kuambiwa jambo lolote ambalo baba yake alifanya, isipokuwa kupita.

"Mtaro upi, mama mdogo?" aliuliza.

"Ule wa mteremkoni, kabla ya daraja. Lami imeufuata ule ule."

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Zuhra alipopiga simu. Tharsisi aliniwekea sauti kubwa ili nisikie pia. Kule Uskoti wamekubali, Zuhra alisema. Wamesikiliza ushahidi wote, hata habari ya kiti kilichovunjika, na binamu ameondoa pingamizi. Niliruka, na umri wangu huu.

Wageni wa Louise walikuja Jumamosi iliyofuata. Tulikaa uani kwa Tharsisi, chungu cha pombe ya ndizi kikisubiri ndani. Msemaji wao, mzee mmoja wa Kasulu mwenye mbwembwe, akakohoa na kuuliza kama inavyotakiwa: "Tumeona ua zuri. Sasa tuambieni, tunaoa katika ukoo gani?"

Mjomba alishafungua mdomo kwa mazoea. Tharsisi akamshika goti, akasimama yeye.

"Ukoo wa Makrei," alisema. "Baba yangu alikuwa mkwe wa kijiji hiki. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na kwao mimi ndiye mkubwa wa nyumba."

Kwenye kona ya nyuma mzee mmoja akaguna. "Leo Mwana wa Njiani amekuwa Sir?"

"Wa njiani, ndiyo," Tharsisi akajibu. "Na njia yenyewe ndiyo ile mliyojia. Mkirudi, tazameni mtaro kabla ya daraja. Ndipo baba alipomheshimu bibi yangu."

Watu walipiga makofi, wengine vigelegele. Msemaji akainamisha kichwa. "Basi, Sir Tharsisi, tumefika penyewe. Tupangie pa kukaa."

"Kaeni popote," alisema, akiketi kwenye kiti cha mbele ambacho hakuwahi kukikalia, "ila mchumba asikae karibu na mlango. Mke wangu anatoka na chungu."

Lakini kijana alikuwa ameshafika kwenye migomba.