Miavuli ya Marehemu

Baba Mdogo Onesphory aliipiga muhuri wa duka lake karatasi aliyochapishiwa kwenye kafe ya intaneti, akaibandika ukutani. Sasa ilikuwa rasmi: intaneti imesema mwaka huu masika hayaji Dar es Salaam.

"Miavuli yote na gambuti zote namwachia Kalpesh kwa bei ya kutupa," alisema. "Anakuja saa kumi."

"Baba Mdogo, nani ameandika hayo?"

"Intaneti."

"Intaneti ndiyo nani?"

"Angela, mwanangu, umesoma chuo kikuu halafu unaniuliza mimi?"

Mwaka ule wa 2001 kafe za intaneti zilikuwa zinafunguliwa kila kona ya Kariakoo, na baba mdogo aliziheshimu kama kanisa. Akiingia, anavua kofia. Lakini mzigo ule ndio uliokuwa mtaji wake wote. Nilikimbilia kafe ya jirani, nikatengeneza ukurasa wa bure kama tulivyofundishwa chuoni, kisha nikamwita.

Alisoma kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole. "Mfanyabiashara maarufu Onesphory wa Kariakoo..." Akatabasamu. "Maarufu! Unaona? ...amefariki dunia."

Akajishika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo.

"Mbona hawajaniambia?"

Dada wa kompyuta ya pili akageuka. "Pole sana, mzee."

"Asante, mwanangu." Akaendelea kusoma. "...na alizikwa jana Buguruni."

Kiti kilianguka.

"Buguruni? Mimi? Mchaga nizikwe Buguruni, na kihamba changu cha urithi kipo Kibosho, baba yangu amelala palepale kwenye migomba? Aliyeandika huyu hanijui! Hata mke wangu hajamuuliza!"

"Na aliyeandika ya mvua alimuuliza nani?"

Aliinua kiti, akakaa tena. "Pengine hata Jangwani hapajui," alisema taratibu. "Hajaona pale panavyojaa maji."

"Aliyekuua ni mimi, Baba Mdogo. Nisamehe."

Aliniangalia, akacheka mpaka akashika meza.

Kalpesh alipofika, alimkuta anabandua karatasi ukutani.

"Mzee, miavuli yangu?"

"Haiuzwi. Tulipopatana nilikuwa marehemu."

"Oh, pole. Basi nipe gambuti."

"Na gambuti pia."

Kalpesh alipoondoka akikuna kichwa, baba mdogo alinivuta pembeni.

"Rudi kule kafe ukarekebishe."

"Niandike kwamba uko hai?"

"Hilo lisubiri. Kwanza andika Kibosho."