Ndiva Iliyozibwa Mapema

Mdogo wangu Fanueli alisimama mbele ya kamati ya chuo, ukumbini Same mjini, akavua kofia na kusema uongo kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya usharika.

"Mhandisi ndiye aliyetuambia tuzibe ndiva. Sisi ni wakulima tu, tungejuaje?"

Wakulima tu! Watu ambao tangu enzi za mababu wanaziba tundu la ndiva, bwawa letu la kumwagilia, jioni ili maji yajae usiku, na asubuhi wanalizibua kila mtu achukue kwa zamu yake, leo hawajui kuziba mpaka niwaambie mimi.

Nilikuwa nimewaambia wasizibe. Ukuta mpya wa mradi wa chuo, tulioujenga kwa msaragambo, kijiji kizima kikibeba mawe, ulikuwa bado mbichi. Nilisimama juu yake nikatamka, kwa Kiswahili na kwa Kipare: tundu libaki wazi mpaka nirudi. Nilipoondoka wakasikia wajumbe wa baraza la chuo wanakuja kuuona mradi, wakaona aibu kuwaonyesha wageni ndiva tupu. Wakaziba. Alfajiri ukuta ukapasuka, maji yakazoa tangawizi bondeni. Namshukuru Mungu hakufa mtu.

Na wale hawakuwa wageni wa kuja kunywa chai. Nilisoma uhandisi nikiwa mwanamke pekee darasani, nikafundisha, nikaongoza idara, nikawa naibu wa mkuu wa chuo. Baraza lilikuwa karibu kuamua kama nipewe chuo chenyewe. Fanueli alijua. Ndiye aliyekuwa akiniombea kanisani.

Baada yake wakasimama majirani walionibeba mgongoni utotoni. Wote wimbo mmoja. Nilipopewa nafasi nikasema ukweli, nikamwona mwenyekiti akiwatazama wao, kisha mimi, nikajua amemwamini nani. Kabla ya chakula cha mchana alitangaza kwamba jina langu linaondolewa, na kwamba wanakijiji, kwa kuwa hawana kosa, watapewa saruji nyingine.

Fanueli alinifuata kwenye gari.

"Dada, usinitazame hivyo. Kosa lingekuwa letu, mradi ungeondoka. Wewe una kazi, una pensheni. Sisi tuna ndiva."

"Ungenijia kwanza ukaniomba."

"Ungekataa."

Kweli ningekataa. Hilo halikunipunguzia hasira hata chembe.

"Jumamosi ni msaragambo," akaendelea, hana hata haya. "Tunaanza ukuta upya. Tunakutegemea, hatuna mhandisi mwingine."

Mkono uliniwasha kumzaba kofi. Nikamuuliza, "Mama anajua mlichokifanya?"

Alianza kuikunja kofia yake.

"Mama ndiye aliyesema tukutaje wewe. Watu walikuwa wanaogopa. Akawaambia, Zipora ni wangu, hatawafanya kitu."

Nilikaa garini nikalia kwa uchungu, kilio cha mtu aliyeuzwa na aliyemzaa. Alijua thamani ya kile alichokitoa. Ndiye aliyeuza ng'ombe nikasome.

Jumamosi nilipanda mlimani, kijijini. Ukuta haukuwa na kosa, na mimi siwezi kujenga vibaya kwa ajili ya hasira. Niliwapimia msingi, nikawaonyesha mawe ya kukaa chini, sikuzungumza na mtu jambo jingine lolote. Jioni, njia ya kushukia ilinipitisha nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, khanga mabegani, akingoja shikamoo yake.

Sikumpa.