Kwanza Jina, Halafu Uso

Fundi saa alikuwa na miaka thelathini na mbili ya kukusanya kadi za posta za zamani, zile za picha halisi: lango la ngome, mnara wa soko, na wenyeji waliopangwa mbele yake kama vyungu vya kuuzwa. Mkewe alisema mumewe anawajua marehemu kuliko majirani, na hakukosea. Ila leo mikono iliyozoea skrubu ndogo kuliko chawa ilikuwa na kazi isiyoizoea.

Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa sebuleni akisubiri. Mama yake huyo shangazi alifariki yeye akiwa mchanga, bila kuacha hata picha moja. Juzi Shangazi alisikia kwamba mpiga picha wa enzi zile aliandika majina ya watu nyuma ya kadi zake. Na fundi alikuwa nayo moja: mwanamke mwenye pengo sikioni amesimama langoni, na chini pamechapwa "Mwanamke wa kienyeji", basi, kana kwamba hakuzaliwa na mtu. Marehemu mama yake Shangazi naye, walivyosimulia wakubwa, alikuwa na pengo sikioni. Lakini Shangazi alikataa katakata kuitazama.

"Sitaki kumpenda mama wa mtu mwingine," alisema. "Nisomee jina kwanza, halafu unionyeshe uso. Na ufanye haraka, mwanangu. Daktari kasema macho haya hayamalizi mwezi."

Balaa ni kwamba ujanani, kwa ujuaji wake, fundi alizibandika kadi zote kwenye albamu kwa gundi ya unga. Kwa nyuma ya ukurasa aliona uchafu tu wa wino uliopenya.

Akaushika ukurasa juu ya birika linalochemka. Kadi ikichanika, hakuna nyingine. Kona ikaachia, kisha upande, kisha kadi nzima ikabaki mkononi. Akaigeuza. Wino ulikuwa umefifia, lakini jina lilikuwa lile lile la mama yake Shangazi. Akalisoma kwa sauti mara mbili, na sebuleni akamsikia Shangazi akilia na kucheka kwa pamoja.

Ndipo alipohisi utelezi kidoleni. Mvuke ulikuwa umeilainisha picha. Lango lilikuwepo, sikio lilikuwepo, na uso ulikuwa kwenye dole gumba lake, tope jeusi. Alijaribu kuurudisha, ukazidi kutapakaa. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Mkongojo ukaanza kugonga sakafu, ukija upande wake.

"Haya," Shangazi alisema mlangoni, akivaa miwani, "sasa nionyeshe."