Alama ya Kutu

Baba yao alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na tisa, mpaka macho yalipomkatalia. Hayakuzimika mara moja. Yalianza kumnyima namba ndogo, kisha yakamnyima mishale, na siku alipodondosha skrubu ya saa ya mteja na kuipapasa sakafuni asubuhi nzima bila kuipata, alifunga kibanda akarudi nyumbani kukaa.

Watoto wake walikuwa wawili. Mkubwa, dada mtu, alitunza kompyuta za ofisi moja ya bima. Mdogo alikuwa mchoraji kwenye kiwanda cha uchapaji, na kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata hata Jumapili, kila mtu alimwita Wino, baba yake akiwemo.

Wazo la mchezo lilikuwa la Wino.

"Dada, umemwona mzee anavyokaa pale dirishani akichezesha vidole?" alimwuliza siku moja wakiosha vyombo. "Anafungua saa ambazo hazipo."

"Nimemwona."

"Basi tumtengenezee duka lake. Ndani ya kompyuta. Mteja anakuletea saa mbovu, unaifungua, unatafuta ubovu, unamrudishia ikiwa inapiga. Wewe unajua kuandika programu, mimi nachora. Mzee yupo wa kutukosoa."

Na kukosoa alikosoa kweli. Hakuweza kuona kioo cha kompyuta, lakini masikio yake yalikuwa makali kama wembe. Wino angemchezeshea sauti ya springi, naye angeinua kidole: "Hiyo ni ya saa ya ukutani. Hapo umesema ni ya mkono. Mtu hawezi kuvaa ukuta, Wino." Wangecheka, wangeondoa, wangerekodi nyingine. Kwa namna hiyo ilipita miaka mitatu. Mwaka wa mwisho dada mtu aliacha kazi ya bima ili amalizie, na mkuu wake alimwambia kwa upole kwamba mlango uko wazi, kwa sauti ya mtu anayejua utapitiwa tena.

Roho ya mchezo ule ilikuwa lenzi. Ulishika lenzi kwa kipanya, ukaipitisha juu ya saa, na chini yake kila jino la kila gurudumu likaonekana kubwa kama sahani. Bila lenzi hufanyi kitu. Dada mtu aliihangaikia miezi saba, na ilipokubali aliita nyumba nzima, hata yule asiyeona.

Siku walipoutoa mchezo, watu mia mbili waliuchukua kabla ya jua kuzama. Wino alikaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake akitangaza kama mtangazaji wa mpira. "Mia na sitini! Mia na tisini!" Mzee aliinuka akavaa shati la kutokea.

Kulikuwa na tovuti moja ambayo wacheza michezo ya kompyuta waliitegemea kuliko maneno ya watengenezaji. Kila mtu alieleza pale mchezo fulani unakwendaje kwenye mashine yake, kisha akaupa daraja. Dhahabu ni kwamba unakwenda bila tatizo. Fedha, una dosari ndogo. Shaba, unajikokota. Kutu, hauchezeki. Tovuti ilijumlisha maoni yote, ikatoa daraja moja, na daraja hilo lilijitokeza hata kwenye duka la mtandaoni, kando ya jina la mchezo, kabla mnunuzi hajasoma neno lolote.

Maoni ya kwanza yaliingia asubuhi iliyofuata. *Giza tupu. Kutu.* Ya pili: *Nimenunua giza. Kutu.* Ya tatu hayakuwa na maneno, kutu peke yake. Hadi jioni yalikuwa kumi na tisa.

Dada mtu alifungua mchezo kwenye kompyuta yake. Lenzi safi. Akafungua kwenye ya Wino. Safi. Akawaandikia wale watu: unatumia kompyuta gani? Mmoja akajibu, "Nzuri tu." Mwingine, "Ya kwangu." Siku ya nne Wino alimwazimia kompyuta kuukuu ya karani wa kiwandani, yenye kadi ya picha ya zamani ambayo watu wengi bado walikuwa nayo. Dada mtu akafungua mchezo, akashika lenzi. Duara jeusi likatokea, jeusi kama chini ya sufuria ya jikoni.

"Mungu wangu," alisema. "Wana haki."

Ubovu ulikuwa kwenye mstari mmoja wa programu, unaoiamuru kadi ifanye jambo ambalo kadi zile hazikulijua. Siku ya tisa toleo jipya lilikuwa tayari. Kwenye kompyuta ya karani lenzi ilimetameta. Dada mtu alilala mchana kutwa, kwa mara ya kwanza tangu mchezo utoke.

Alipoamka, daraja lilikuwa lilelile. Kutu, kwa watu sitini na watatu.

Tovuti haikubagua toleo la kwanza na la pili. Maoni ya siku ya kwanza yalikuwa na uzito uleule wa maoni ya mwaka ujao, na aliyetoa ndiye peke yake aliyeweza kuyabadilisha. Ili daraja lipande walihitajika wachezaji wapya, na mchezaji mpya akiona neno Kutu kando ya jina, anapita zake. Kila asubuhi dada mtu alihesabu wachezaji. Arobaini. Kumi na mmoja. Wanne.

Aliwaandikia wote sitini na watatu, mmoja mmoja, kwa adabu. Aliwaomba radhi, akawaeleza kwamba tatizo limetengenezwa, akawasihi wajaribu tena. Watano walijibu. Wawili walisema wameshaufuta. Wa tatu alimtukana. Wa nne aliahidi, hakufanya. Wa tano alikuwa mkweli kupita kiasi: "Dada yangu, mimi sijawahi kuucheza. Niliona wenzangu wameandika kutu, nikaandika kutu. Nilidhani ninasaidia."

"Huyu angalau mwambie afute!" Wino alifoka.

"Nimemwambia. Kasahau neno la siri la akaunti yake."

Ndipo alipomwandikia msimamizi wa tovuti, mtu wa kujitolea kama wasimamizi wote wa pale, ambaye wachezaji walimwita Bwana Taratibu. Alijibu siku hiyohiyo, na alijibu kama mtu mzima. Alisema ameujaribu mchezo mwenyewe na lenzi inafanya kazi. Alisema anaona wazi kwamba daraja si la haki.

"Lakini sina kitufe," aliandika. "Nikifuta maoni ya zamani ya kwenu, kesho atakuja mwenye mchezo mbovu kweli aniambie nifute ya kwake. Tuliweka sheria hii kwa sababu ya wadanganyifu. Poleni sana. Subirini wachezaji waaminifu, watakuja."

Alikuja mmoja. Alijiita Muuguzi, na kwa maelezo yake ndiyo ilikuwa kazi yake kweli. Maoni yake yalikuwa aya tatu. Alitaja kompyuta yake, kadi yake, toleo, hata joto la mashine baada ya saa nzima ya kucheza. Alisema hucheza akitoka zamu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee anapokutana na kitu kilichoharibika ambacho ana hakika kitapona. *Dhahabu*, alimalizia. Dada mtu aliyasoma maneno yale mara nyingi, kisha akamsomea baba yake.

"Huyo ameelewa," mzee alisema. "Na wengine wanasemaje?"

Wino aliwahi kujibu. "Wengine hivyohivyo, Baba."

Tangu siku ya kwanza Wino alikuwa akimpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila jioni akitoka kazini alimpa habari: watu mia tatu leo, Baba, kuna mtu kakwama kwenye saa ya mfukoni, Baba. Na mzee alikuwa akitoa majibu. "Mwambie asilazimishe. Aangalie kama kigurudumu hakijashika unywele. Wateja wana nywele, bwana." Wino aliitikia, akajifanya anaandika. Dada mtu alisikia yote kutoka chumba cha pili na hakuwa na nguvu ya kumkataza.

Labda ni yale majibu yaliyomsukuma Wino. Wiki ya sita aliwakusanya wenzake wa kiwandani wakati wa mapumziko: mpanga kurasa, mkata karatasi, dereva, karani, wote ishirini na wawili. Hakuna aliyewahi kucheza mchezo wa kompyuta zaidi ya karata. Aliwafungulia akaunti kwenye kompyuta ya ofisi, akawaambia waandike neno lolote zuri na wabonyeze Dhahabu. Walifanya kwa moyo mweupe, wakitaniana. Dereva aliandika, *Saa zinatengenezeka vizuri, mungu ibariki.*

Kwa siku mbili daraja lilipanda mpaka Shaba. Dada mtu aliliona akasimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akasoma maoni, akafika kwa dereva.

"Wino, hii ni nini?"

"Ni watu."

"Watu gani? Wote wameandika kati ya saa saba na saa saba na nusu mchana, kutoka sehemu moja!"

"Na wale sitini na watatu walikuwa watu gani? Mmoja hakuucheza kabisa, na bado sauti yake inahesabiwa! Ya dereva wetu ina kasoro gani?"

"Kasoro ni kwamba ni uongo."

"Kwa hiyo uongo wa kutuua unaruhusiwa, wa kutuokoa ndio dhambi?"

Dada mtu alirudi kwenye kompyuta. Alimwandikia Bwana Taratibu mwenyewe ili kukiri kabla hawajakamatwa, lakini mashine ya tovuti iliwahi. Siku ya tatu maoni yote ya Dhahabu yalifutwa kwa mkupuo, na kando ya neno Kutu likaongezwa jingine kwa rangi nyekundu: *Tathmini za kughushi zimebainika.* Maoni ya Muuguzi yalifutwa pamoja nayo. Mashine haikuwa na njia ya kumtofautisha. Alikuwa amesifu, basi.

Muuguzi aliandika siku hiyohiyo, safari hii kwa dada mtu moja kwa moja.

"Nimefungiwa akaunti. Miaka minane nimetoa maoni pale, na sasa jina langu lina alama ya mdanganyifu. Mimi sikulipwa na mtu. Niambieni ukweli, mlifanya nini?"

Dada mtu alimwambia ukweli wote. Alimwomba Bwana Taratibu arudishe akaunti yake, akamthibitishia kwamba mwanamke yule hakuhusika. Bwana Taratibu alijibu kwa mstari mmoja, bila upole wa mara ya kwanza: neno lako nitalipimaje sasa? Muuguzi hakuandika tena.

Jioni ile dada mtu aliingia chumbani kwa baba yake, akazima redio, akavuta kigoda. Wino alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, mchezo umekufa," dada mtu alisema. "Hakuna watu mia tatu. Jana alicheza mtu mmoja, juzi hakuna. Yule wa saa ya mfukoni hayupo, hakuwahi kuwepo."

Vidole vya mzee vilikuwa vimetulia mapajani.

"Umekufa kwa nini?"

Alimweleza. Lenzi nyeusi, kadi za zamani, sitini na watatu, sheria, ishirini na wawili. Mzee alisikiliza kama alivyozoea kusikiliza saa, kichwa upande.

"Kabla hamjautoa," aliuliza mwishoni, "mliujaribu kwenye mashine ngapi?"

"Mbili, Baba."

"Mbili."

Hakulirudia kwa hasira. Alilisema kama anayeipima saa kiganjani kabla ya kumwambia mteja kwamba haitengenezeki. Wino alianza kusema jambo, mzee akainua mkono.

"Yule wa saa ya mfukoni nilikuwa namfikiria hata usiku," alisema. "Niwashieni redio yangu."

Hakuuliza tena habari za mchezo. Wino alipotoka kazini alimsalimia, mzee akaitikia, na hapo mazungumzo yakaisha. Baada ya miezi miwili Wino alihamia chumba karibu na kiwanda, kwa sababu ya usafiri, alisema, ingawa kutoka nyumbani mpaka kiwandani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Dada mtu alirudi kwenye ofisi ya bima. Mlango ulikuwa wazi kweli, ila kiti chake kilikuwa na mtu, kijana ambaye dada mtu mwenyewe alimfundisha kazi na ambaye sasa alikuwa mkubwa wake. Walimpa meza karibu na mashine ya kunakili. Kijana yule alimheshimu sana, akimwita dada kila sentensi, na hilo lilimchosha kuliko dharau.

Mwaka ulipokaribia kuisha, tovuti ilitangaza utaratibu mpya. Malalamiko yalikuwa mengi, ilisema. Watengenezaji wengi wameumizwa na maoni yaliyopitwa na wakati. Kuanzia sasa yatahesabiwa ya miezi mitatu ya mwisho tu, na daraja litatolewa kwa mchezo wenye maoni yasiyopungua ishirini ndani ya muda huo. Bwana Taratibu ndiye aliyetia saini.

Dada mtu alilisoma tangazo saa ya chakula, akiwa peke yake ofisini. Alifungua ukurasa wa mchezo wao. Kutu ilikuwa imeondoka. Mahali pake paliandikwa: *Hakuna taarifa za kutosha.* Maneno mekundu ya kughushi yalikuwa palepale, maana utaratibu mpya haukugusa adhabu. Wachezaji wa siku ile: sifuri. Wa mwezi ule: sifuri.

Alifikiria kumpigia Wino simu. Alishika simu, akaangalia jina lake, akaiweka chini. Angemwambia nini?

Mtu wa idara ya madai alichungulia mlangoni na rundo la fomu mkononi. "Dada, samahani, mashine imemeza karatasi tena."

Alifunga ukurasa, akakunja mikono ya blauzi, akaenda kuifungua.