Mstari wa Juu ya Mlango

Fundi cherehani alipanda kigoda chake cha kushonea, kitambaa mkononi, bakuli la tope dirishani. Tope alilichanganya na machicha ya majani ya chai ili lionekane la zamani. Alipaka taratibu, akifuata uzi alioukaza ukutani kwa misumari miwili, na kila baada ya muda alishuka kutazama kazi yake. Kitanda cha mama yake kilisimama juu ya matofali, manne kila mguu, na cherehani ilining'inia kwenye boriti kwa kamba. Mstari wa kweli, ule ulioachwa na mto miaka mitatu iliyopita, ulikuwa chini kabisa, usawa wa dirisha. Huo alishaukwangua kwa kisu na kuufunika kwa chokaa, pande zote nne.

"Maji yangefika hapo," mama yake alisema kutoka kitandani, "leo ningekuwa nakusalimia kutoka ahera."

"Nyamaza bwana, mama. Kila mtu anapandisha."

"Nilikaa juu ya meza, nikalowa nyayo tu. Nakumbuka vizuri."

"Basi kumbuka kimyakimya."

Kweli kila mtu alikuwa anapandisha. Baada ya mafuriko yale uliletwa msaada, na waliougawa walitembea na rula ndefu: maji ya magotini, blanketi, ya dirishani, godoro, ya juu ya mlango, mabati. Fundi alipata godoro. Jirani yake muuza mkaa, ambaye maji yalimfika kiunoni lakini mdomo wake ulifika mbali zaidi, alipata mabati ishirini, na mpaka leo anaringa chini yake. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipopita akitangaza kwamba wapimaji wa mafuriko wanakuja Jumanne, hakuhitaji kueleza mengi.

"Elewaneni kimo," alisema. "Msije mkaniaibisha, huyu anasema kiunoni, huyu utosini."

Wakaelewana: juu ya mlango, nyumba zote kumi na saba. Fundi, mwenye jicho la kupima, ndiye aliyewapigia uzi wote. Aliona fahari. Hajawahi kukata kitambaa kikanyooka vile.

Mpimaji alikuwa mpole, akavua viatu mlangoni. Alisimamisha rula yake ukutani, akasoma mita mbili na robo, akasoma tena.

"Una uhakika, mama?" alimuuliza fundi.

"Nilikuwepo, mwanangu."

"Basi weka saini hapa."

Akaweka. "Mabati yatakuja lini?"

"Hilo silijui, mama. Mimi napima tu."

Kisha mpimaji akavuka barabara kwenda kwenye maghala. Maghala yale yako chini kuliko nyumba ya fundi. Siku za mafuriko mlinzi wao alikaa juu ya paa siku mbili, na fundi alimsikia kwa masikio yake akiita watu. Lakini wiki iliyotangulia yalipakwa rangi nyeupe, mpya, kuta zote. Mpimaji alizunguka, hakuona alama, msimamizi akasaini kwamba hakuna. Fundi na muuza mkaa walitazama wakacheka.

"Matajiri nao wana ujinga wao," alisema muuza mkaa. "Sasa hawapati hata bati moja."

Baada ya miezi minne ramani ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya ardhi. Rangi nyekundu ilianza mtoni, ikapanda mpaka kwenye nyumba kumi na saba, ikafika barabarani, kisha ikayazunguka maghala kama mtu anayekwepa dimbwi. Chini ya ramani iliandikwa: eneo jekundu hakuna kujenga, hakuna kuishi, hakuna bima, hakuna fidia. Eneo la njano, maji yalikoishia dirishani, mtu anakaa, ila ainue msingi. Eneo jeupe ruhusa zote.

Fundi alimkuta afisa ardhi akimenya chungwa.

"Ule mstari niliuchora mimi," alisema.

"Unakiri kuwa ulitudanganya?"

"Nakiri maji yalifika dirishani. Dirishani tu, baba. Kwenye ramani yenu hiyo ni njano."

"Una ushahidi gani?"

"Mama yangu alikaa juu ya meza."

"Meza iko wapi?"

"Ilioza. Tukaipikia."

"Na huo mstari wa dirishani?"

"Niliupaka chokaa."

Afisa alitafuna. "Alama kumi na saba, kimo kimoja, zimenyooka. Mpimaji anasema tangu aanze kazi hajaona ushahidi mzuri kama wako."

"Na maghala? Mlinzi wao alikaa juu ya paa. Wamepaka rangi yule mpimaji asione."

"Wao walipaka, na wewe ulipaka. Ila wao walijua wanachopaka." Akafuta vidole. "Ukitaka kubadilisha maelezo nitakupa fomu, nayo inapitia polisi, maana taarifa za uongo ni kosa. Au nenda kafungashe."

Alikwenda kufungasha. Tingatinga lilikuja Alhamisi asubuhi, na kufikia saa sita mchana mtaa ulikuwa umekwisha. Mama yake alibebwa na kitanda chake mpaka kwenye baraza ya shangazi, akiuliza njia nzima kama maji yamekuja. Uliachwa ukuta mmoja tu, wa fundi, kwa sababu mstari wake ulikuwa bora kuliko yote. Mstari huo waliupaka buluu, wakapigilia kibao cha bati chenye nembo ya mradi wa ramani.

Mwezi uliofuata walikuja wageni wa kampuni ya bima, wakiongozwa na afisa ardhi. Mwenyekiti alimtuma mtu kumwita fundi aje penye ukuta.

"Wanataka aliyeyaona maji kwa macho," alimwambia. "Nawa uso. Na usianze mambo yako."

Ng'ambo ya barabara, kwenye maghala, walikuwa wanachimba msingi wa ghorofa, na pampu ilikuwa inanyonya maji kwenye mtaro.

"Simama hapo, mama," alisema mpiga picha wa wageni. "Weka kiganja kwenye mstari, waone kimo."

Akanyoosha mkono. Akasimama kwa ncha za vidole. Ilibaki shibiri nzima.

"Haufikii," alisema mgeni mmoja.

Afisa ardhi alitazama huku na huku, akasukuma kwa kiatu tofali moja kutoka kwenye kifusi. Upande mmoja lilikuwa bado na chokaa.

"Panda hapo."

Akapanda. Kiganja kikagusa buluu.

"Maji yalifika hapo kweli?" aliuliza mgeni.

Mwenyekiti alikuwa anamtazama. Afisa naye.

"Yalifika," alisema fundi.

"Usitikisike, mama," alisema mpiga picha, kwa sababu tofali lilikuwa linayumba.