Mukasine na Wasemaji Wake

Kwa Papa Kanyamibwa, kwenye milima ya juu ya Mweso, Mukasine hakukosa watu wa kumsemea. Alikuwa na kigugumizi, na jamaa zake walikuwa na huruma ya ajabu: hawakumwacha hata siku moja ahangaike kumaliza neno. Akisema "ma-ma...", keshaletewa maji. Yeye alitaka makaa. Basi anakunywa maji, afanyeje?

Mwaka wa 1953 huruma hiyo ikampatia hata mchumba. Sebarenzi, mzee aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe wengi na meno machache, alikuja kuposa. Papa akamjibia binti yake, kama kawaida, na pombe ya ndizi ikamiminwa. Mukasine hakumtaka yule mzee hata kwa dawa.

Kikwazo kilikuwa Padri. Mzungu yule hakulelewa kusemewa. Alishikilia kwamba bibi arusi aseme mwenyewe kama anakubali, kwa kinywa chake, kanisa lote lisikie. Kutikisa kichwa, alisema, hata mbuzi hutikisa. Basi Papa, kwa mapenzi ya mtoto, akampeleka kwa Mama Euphrasie, mke wa katekista, ambaye utotoni aliteswa na kigugumizi hichohicho.

"Mumufundishe neno moja tu," akaagiza. "Ingine tutasema sisi."

Alipoondoka, Mama Euphrasie akaacha kupura maharagi. "Wewe mwenyewe, unataka kusema nini pale mbele?"

Mukasine akaanza. Akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena, na yule mama akangoja tu, mikono imetulia mapajani. Neno lake lilipotoka lote, Mama Euphrasie akasema, "Haya. Njo hilo tutajifunza."

Wakajifunza. Toa pumzi kwanza. Neno uligusie tu, usilisukume. Mutu akikunyang'anya neno, inua mukono, ngoja anyamaze, anza upya. Papa aliposikia mambo yanaendelea vizuri, alitamba kwa majirani kwamba binti yake sasa anasema kama karani wa teritwari, kule ofisini kwa serikali.

Siku ya arusi ikafika, Padri akauliza.

"Si-si..."

"Anakubali, Padri," shangazi mmoja akadakia, huruma imemjaa tele.

Mukasine akainua mkono. Shangazi akameza mate. Sebarenzi akaanza kukohoa. Msichana akatoa pumzi, akasema polepole:

"Mimi, Mukasine, simutaki huyu mzee. Si-sikubali."

Padri akafunga kitabu.

Nje, Papa Kanyamibwa alimkabili binti yake kwa hasira na aibu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshazoea malisho yake. "Mbele ya watu wote hawa," akasema. "Juu ya nini haukuniambia nyumbani?"

"Nilikuambia, Papa. Siku ya posa, na kesho yake, na tulipokuwa tunapalilia mihogo." Akatoa pumzi. "Hau-haukungojea nimalize."

Papa akafungua mdomo, lakini neno halikutoka. Mukasine akamngojea.