Kilo Tisa na Viatu Vyake

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye mwenyewe, fundi viatu, na hakuwa na wa kumsingizia. Mkewe, aliyekuwa na rundo la nguo za watu za kufua, alimwambia wazi: "Ukifika kliniki, mvue mtoto kila kitu."

Fundi akacheka. "Anakwenda kupimwa au kuoshwa?"

Miezi yote mke ndiye aliyefuata unga wa lishe wa binti yao. Ulikuwa fungu la mtoto mmoja, ila uji wake ulinywewa na watoto watatu. Kazi ya fundi ilikuwa kuusifia ukishaiva.

Tena leo alikuwa na lake jambo. Alikuwa amemshonea binti viatu, vya kwanza tangu azaliwe: ngozi nyekundu ya mkoba uliotupwa, soli ya tairi la lori. Binti alikuwa na miaka miwili na kijimwili cha kuku aliyenyonyolewa, na kwa sababu hiyo hiyo baba yake alimwita Bonge.

Chumba cha kupimia kilijaa. Watoto wote walikuwa uchi, wamejikunyata mapajani mwa mama zao kama vifaranga walionyeshewa. Bonge peke yake alikuwa amevaa, anapigapiga soli kwenye benchi, ta, ta, ta.

"Fundi, kiatu hicho kitamvunja mguu," mama mmoja akamtania.

"Kitavunja benchi kwanza, shemeji. Soli ile imekwisha kubeba mawe, itashindwa na Bonge?"

Wakacheka. Hata fundi alicheka.

"Anayefuata!" muuguzi aliita bila kuinua macho. Fundi akamning'iniza Bonge kwenye mzani, viatu miguuni, makusudi vionekane. Sindano ya mzani ikayumba, ikatulia.

"Kilo tisa na gramu mia moja." Muhuri ukalia mezani. "Hongera, baba. Amepona."

Makofi yakapigwa. Bwana mmoja mwenye fulana ya mradi wa lishe akawasimamisha mbele ya bango lenye idadi ya waliopona mwezi huo, akawapiga picha. Fundi alitabasamu mpaka jino lake bovu likaonekana. Kisha akakunjua mfuko wake mtupu, akausogeza mezani.

"Unga ni wa walio chini ya kilo tisa," muuguzi alisema. "Akifika tisa anatoka."

Tabasamu lilichelewa kidogo kuondoka usoni. Alipiga magoti, akavivuta viatu vile miguuni mwa mtoto kwa pupa hadi kamba moja ikakatika.

"Sista, mpime tena! Ni soli hizi. Shika mwenyewe, si chini ya gramu mia nne!"

"Nimeshaandika, nimeshagonga. Wakubwa wakija wataniuliza aliyepona saa hii ameugua saa ngapi."

"Lakini umeona mwenyewe!"

"Mimi naona sindano, baba. Akishuka chini ya kilo nane, mlete. Tutamwandika upya."

"Kwa hiyo nikamkondeshe?"

"Mimi sijasema hivyo." Muuguzi alifungua ukurasa mwingine. "Anayefuata."

Bonge alisimama pekupeku kwenye saruji baridi, akanyoosha mikono kudai viatu vyake. Nyuma yao bibi mmoja alisogea na mjukuu begani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea, halii, hachezi.

"Tupishe, baba," bibi alisema.

"Huyu wako ana nini, bibi?"

"Njaa. Hajala tangu jana mchana."

"Na leo asubuhi je?"

"Leo si siku ya kupimwa?"

Fundi alimtazama. Hasira aliyoikosea pa kuiweka ikapata mahali. "Makusudi? Unamnyima mjukuu wako chakula makusudi? Bibi mzima, huna hata haya!"

Bibi alimvua mjukuu kofia, akaikunja taratibu, akaifutika kwapani.

"Namnyima cha leo apate cha mwezi mzima. Wako ana viatu, baba. Nenda kamchemshie hivyo."